Maswali Yenu: Tulianza watu 30, sasa tuko watatu

Wasomaji wangu assalaam alaykum. Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa watu wa masta na PhD, na karibu zote zinauliza habari za klabu, vile vikundi wanavojiundia wenyewe kwa jambo wanalolipenda, vya utafiti, vya bahari, vya historia, vya kuandika. Basi safu nzima nnawapa wao, wale wa viwanja na mirathi wanistahmilie mpaka toleo lijalo inshallah.

SWALI: Bi Mwalimu, shikamoo. Nasoma masta hapa Tunguu mwaka wa kwanza. Tulianzisha klabu ya utafiti ya watu wa masta na PhD, tukaandika katiba, tukachagua mwenyekiti, makamo, katibu, mshika fedha, msemaji na wajumbe, tukapiga na tisheti. Kikao cha mwanzo walikuja watu 30, cha pili 11, sasa tuko watatu na grupu la WhatsApp limebaki la salamu za Ijumaa na matangazo ya biashara. Tuifunge au tufanyeje? (Mwenyekiti, Tunguu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Msiifunge, watatu mnatosha kabisa kuanza upya. Lakini kwanza nataka muwafikirie wale wenzenu walopotea, maana wengi wanawaona wavivu na mie sioni hivo. Mtu wa masta sio kama kijana wa digrii ya kwanza anaekaa dakhalia na jioni hana pa kwenda. Huyu ametoka kazini Vuga au skuli Mwanakwerekwe, kapanda daladala ya Tunguu imejaa mpaka mlangoni, nyumbani kaacha watoto au mzee mgonjwa, anafika kikaoni anakaa masaa mawili anasikiliza mjadala wa kifungu cha kumuondoa mshika fedha ambae hata fedha zenyewe hajashika. Anarudi nyumbani usiku na tasnifu yake iko pale pale ilipokuwa asubuhi. Mara ya pili haji, na wala hakuchukia, ana hesabu ya wakati wake tu.

Klabu ya watu wazima lazima impe mtu kitu cha kwenda nacho nyumbani siku hiyo hiyo. Na zile zilodumu duniani ndo zilivoanza. Daktari William Osler alianzisha klabu ya kusoma majarida pale Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, mwaka 1875, na shida yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, majarida ya udaktari yalikuwa ghali na mtu peke yake hayawezi, basi wakawa wanayanunua kwa pamoja na kugawana kuyasoma. Leo ukenda hospitali nyingi zinazofundisha madaktari utakuta wana kikao cha namna hiyo hiyo, mtu analeta makala moja, wote wameisoma, wanaichambua, wanaondoka.

Sasa nyinyi shida yenu ipi? Kwa barua ninazopokea, shida kubwa ya watu wa masta ni kwamba maandishi yao hayasomwi na mtu yoyote isipokuwa supavaiza, na supavaiza ana wanafunzi wengine na vipindi vyake, majibu yanachukua wiki na wiki. Basi fanyeni klabu ya kusomeana. Watatu mlobaki tafuteni mmoja au wawili wengine, msizidi sita. Kila kikao maandishi ya mtu mmoja tu, kurasa tano, anazituma siku mbili kabla ili watu wazisome nyumbani, asizilete siku ile ile akaanza kuwasomea. Mkikaa, mwenye maandishi anyamaze kwanza dakika kumi, wenzake waseme wao wameelewa nini, yaani huyu anatafuta nini, wapi, kwa watu gani, kwa njia gani. Hapo ndo mtu anastaajabu, kwa sababu anasikia watu wanne wameelewa mambo manne tofauti na yeye alidhani kaandika wazi. Baada ya hapo maswali, kisha na yeye ajibu. Na ile tabia yetu ya "mashallah umeandika vizuri" na kunyamaza iachwe mlangoni, haimsaidii mtu.

Nikupe mfano. Chukulia mmoja kaandika "wakulima wa mwani Zanzibar wanakabiliwa na changamoto nyingi". Supavaiza atapiga mstari mwekundu aandike "fafanua" halafu basi. Lakini kwenye kikundi chenu akiwapo mtu alozaliwa Paje au Jambiani, mama yake analima mwani, atamwambia hapo hapo: mwani upi unaosema, cottonii au spinosum? Maana kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989 na cottonii ndo ilokuwa na bei nzuri, lakini maji yakishika moto kwenye vina vifupi inaugua, inageuka nyeupe na kukatika, wakulima wengi wakabaki na spinosum ambayo inastahmili zaidi lakini bei yake ndogo. Na atamuuliza pia, unawauliza wanaolima kwa vigingi ufukweni au waliojaribu kwenda maji marefu, na hao wa maji marefu wanajua kuogelea? Kwa robo saa tu ile sentensi moja butu imeshakuwa maswali matatu ya utafiti. Kitu hicho hukipati kwenye kitabu cha mbinu za utafiti, na ndo sababu nnasema klabu ni jambo la maana sana kwetu hapa, tuna wasomi wanaoishi ndani ya mambo wanayoyatafiti na hawaulizani.

Katiba iwekeni pembeni, mtairudia mkishakaa muhula mzima. Vyeo viwili vinatosha, mtu wa kukumbusha nani analeta kurasa na mtu wa kutafuta chumba. Wale wengine walopewa vyeo waambieni kwa upole, wengi watashukuru.

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, nasoma masta ya elimu, nina watoto watatu mdogo ana miaka miwili. Klabu zote pale chuoni zinakutana saa 11 jioni au baada ya Magharibi. Nikisema siwezi naambiwa sina moyo. Mume wangu hakatazi lakini anauliza kwani masomo yenyewe hayatoshi mpaka na klabu. Nifanyeje? (Mama wa Watatu, Fuoni)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu akupe nguvu. Walokwambia huna moyo wamekosea na nnataka wasome hapa. Saa 11 jioni mama wa watoto watatu anakoka jiko, anasubiri watoto warudi chuo cha Kurani, anakosha, anaandaa futari ikiwa ni Ramadhani. Klabu inayokutana saa hiyo imeshaamua kwamba wanawake wenye familia hawamo, hata kama hakuna aloikusudia hivo.

Omba wabadilishe, na usiombe kama unaomba fadhila. Peleka pendekezo limekamilika: Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 4 na robo, tunaanza kwa wakati, tunamaliza kwa wakati. Ile kuanza kwa wakati ni nusu ya dawa, kwa sababu mama anaweza kumuachia mtoto jirani kwa muda wa saa moja na robo lakini hawezi kumuachia "mpaka tutakapomaliza". Ramadhani klabu ipumzike au ihamie kwenye simu baada ya tarawehe, wala msishindane na watu wanaoswali.

Halafu kuna klabu ambayo hutoki nyumbani kabisa. Mwaka 2007 kule San Francisco watu walianza kukutana mkahawani kuandika, hawazungumzi, kila mtu na kazi yake, saa moja kimya halafu wanaagana, na jambo hilo likasambaa vyuoni huko duniani. Nyinyi kina mama mnaweza kulifanya kwa simu bila kumaliza bando. Tafuta wenzio wawili watatu walio na hali kama yako, mkubaliane saa, iwe alfajiri baada ya kuswali kabla watoto hawajaamka au usiku wakishalala. Mmoja anaandika kwenye grupu "naanza, leo naandika sehemu ya sampuli", wenzake nao wanasema wanaandika nini, simu inageuzwa chini, dakika 25 kazi, dakika 5 pumzi, tena dakika 25, mwisho kila mtu anasema amefika wapi. Hakuna video, hakuna kupiga soga. Ukijua kuna mwenzio Bububu na yeye yuko macho anakusubiri useme umeandika nini, hulali.

Kwa mumeo, usimjibu kwa maneno matupu. Mwambie masomo yana vipindi na yana tasnifu, vipindi mtu anafundishwa, tasnifu anaachwa peke yake, na watu wengi wanakwama pale pale kwenye tasnifu, wanalipa ada ya mwaka mwingine. Hiyo klabu ndo ya kukufanya umalize kwa wakati. Mume anaeuliza kwa njia hiyo anataka kuelewa, mie simuoni kama ni mpinzani, na pengine ukimueleza vizuri ndo atakaekaa na mtoto Jumamosi.

SWALI: Bi Mwalimu, sisi tuko Pemba, tumejikuta wanne tu tunaosoma masta, tunakwenda Unguja kwa vipindi na kurudi. Mmoja anatafiti karafuu, mmoja malaria, mmoja uongozi wa skuli na mimi fasihi simulizi. Tunataka klabu lakini hatufanani kwa chochote. (Kijana wa Wete)

JIBU: Mnafanana kuliko mnavodhani mwanangu. Kwenye mada hamkutani, kweli, lakini kwenye kazi yenyewe mnakutana. Wewe wa fasihi simulizi utakaa na wazee uwarekodi, wa uongozi atawahoji walimu wakuu, wa karafuu atawahoji wakulima na pengine watu wa ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, wote watatu mna kazi ya mahojiano. Basi klabu yenu iwe ya mahojiano. Kikao kimoja kila mtu alete maswali yake na mwenzake ajifanye ndo anaehojiwa, utaona maswali mangapi yanajibiwa kwa "ndio" na yanakufa hapo hapo. Kikao chengine chukueni dakika tano za rikodi ya mmoja mkaisikilize pamoja, nani alimkatiza mzee kabla hajamaliza, nani aliuliza maswali mawili kwa mpigo. Rikodi yenyewe lakini iwe mwenyewe alohojiwa karidhia isikilizwe na wengine, hilo si la kupuuza, vijijini kwetu watu wanajuana mpaka sauti.

Yule wa malaria mwenye takwimu msimuache. Yeye awafundishe wengine meza na grafu, na nyinyi mumsikilize namna ya kuzungumza na watu wa mtaani. Mkitaka programu za takwimu ipo R, haina malipo, hamna haja ya kuiba ya kulipia na kuingiza virusi kwenye laptopu. Na ya kupanga marejeleo ipo Zotero, nayo ya bure, imetoka tangu 2006 na inafanya kazi hata bila intaneti ukishaiweka. Kikao kizima kiwekwe cha kuiweka tu kwenye kompyuta za wote wanne, kwa sababu mtu peke yake anaahirisha mpaka wiki ya mwisho, akajikuta anaandika marejeleo kwa mkono usiku kucha.

Jambo la tatu, na hili ndo faida yenu watu wa Pemba, kila anaevuka kwenda Unguja avuke kwa niaba ya wote. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hazina ambayo wanafunzi wengi hawajawahi hata kuiona, na ule mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Kabla mmoja hajapanda boti, wenzake wampe orodha ya wanachotaka, yeye akiwa pale aulize utaratibu wao wa kunakili, akirudi mna kikao cha kumsikiliza. Pia mwende kwa mkutubi wa chuo chenu mumuulize kama chuo kimejisajili Research4Life, ule mpango unaoziwezesha taasisi za nchi kama zetu kusoma majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo, sehemu ya afya yake inaitwa Hinari na ilianza 2002. Mwenzenu wa malaria hiyo itamfaa sana.

SWALI: Klabu yetu ina mlezi, mhadhiri, mtu mwema sana na tunampenda. Lakini kila kikao anazungumza yeye mwanzo mpaka mwisho, kinageuka lekcha, na sisi tunaandika notsi. Tutamwambiaje bila kumkosea adabu? (Tunaomba hifadhi)

JIBU: Msimwambie asizungumze. Mpangieni kazi yake na saa yake. Mkubwa wenu katika PhD, au yule alie karibu nae, amwendee ofisini peke yake, sio kundi zima, amwambie: "Dokta, tunakushukuru kwa wakati wako, tunaomba tujaribu utaratibu mpya, sisi tuzungumze wenyewe kwanza ili tujifunze kujitetea kabla ya siku ya kutetea tasnifu, na wewe uje dakika 20 za mwisho utusahihishe." Wahadhiri wengi wataona ni nafuu, wamechoka pia, na wanazungumza sana kwa sababu wakinyamaza hakuna anaefungua mdomo. Hapo na nyinyi mna sehemu yenu. Kabla ya kikao gawaneni, wewe utauliza la kwanza, wewe la pili, ili ukimya usije ukamlazimisha tena.

SWALI: Mwalimu mimi nasoma mambo ya bahari. Tumeunda klabu na kila tukipanga matembezi ya kwenda mwambani tunakuta maji yamejaa au watu hawaji kwa sababu ya vipindi. (Mwanabahari, Mjini)

JIBU: Mmepanga kwa kalenda ya chuo, pangeni kwa mwezi wa angani. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa sana na kukauka sana, inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo huku kwetu maji kavu huwa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, mwamba wote unatoka. Kwenye maji mafu, siku maji hayakauki sana, msijisumbue. Kaeni mwanzo wa muhula na kitabu cha majira ya maji, tieni alama Jumamosi na Jumapili zote zinazoangukia bamvua, zitakuwa chache, hizo ndo siku za klabu na hakuna kuahirisha. Siku nyengine somaneni makala. Na mkenda, msiende peke yenu kama watalii, mchukueni mama anaechokoa pweza hapo kijijini awaongoze, mumlipe kwa siku yake kama mnavomlipa mtaalamu mwengine, yeye anaujua ule mwamba jiwe kwa jiwe. Maji yakianza kurudi akisema tutoke, tokeni.

SWALI: Klabuni kwetu wengine wanataka Kiingereza tu kwa sababu ndo lugha ya masomo, wengine tunakwama tunanyamaza. Ipi sawa? (Msomaji, Beit el Ras)

JIBU: Mjadala uwe kwa Kiswahili, nnasema bila kusita. Mtu akitafuta neno la Kiingereza fikra yake inapita, na nyinyi mko pale kwa fikra. Kiingereza mkipe mahala pake, siku za mazoezi ya kuwasilisha. Kuna mashindano yalianza Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, mwanafunzi wa PhD anaeleza utafiti wake wote kwa dakika tatu na picha moja tu isiyobadilika, basi. Fanyeni hivo, kila mwezi watu wawili, dakika tatu kwa Kiingereza halafu dakika tatu hizo hizo kwa Kiswahili kama anamueleza bibi yake barazani. Mara nyingi mtakuta ile ya Kiswahili ndo inayoonesha kama mtu kaelewa utafiti wake mwenyewe, na akishaelewa Kiingereza chake nacho kinanyooka.

SWALI: Tumeambiwa tukaandikishe klabu yetu serikalini kama jumuiya, na watu wanataka mchango wa kila mwezi. Ni lazima? (Mshika Fedha)

JIBU: Klabu ya wanafunzi ndani ya chuo anzeni na chuo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi na ile inayosimamia masomo ya uzamili, waulizeni fomu yao na mtapata chumba kwa urahisi. Kuandikisha jumuiya ni kwa wale wanaotaka kufanya kazi nje, kupokea misaada, kufungua akaunti kwa jina lao. Nyinyi bado. Mchango wa kila mwezi siupendi, unamfukuza asokuwa nacho na hatosema sababu, ataacha kuja tu. Mkitaka chai na kachori, au nauli ya kwenda shamba, changeni siku hiyo hiyo kwa jambo hilo hilo, risiti ipigwe picha ipelekwe kwenye grupu kabla watu hawajalala, na chenji ikibaki irudishwe.